Azimio au Kenya Kwanza? Kwa nini kura za Kisii na Nyamira zinatafutwa kwa udi na uvumba

Muulize mkazi yeyote wa Mombasa ni nani atakayeshinda Kisii mwezi ujao, naye atakujibu bila kusita kwamba kule ni kwa Raila, hakuna la kujadili. Muulize Mgusii anayeishi Mikindani au Bangladesh swali hilo hilo, na jibu linaanza kuzaa "lakini". Nimerudi juzi baada ya siku tisa katika kaunti za Kisii na Nyamira. Hizo "lakini" ndizo ninazotaka kuzieleza hapa, maana sisi Wapwani tunazungumza habari za kule kana kwamba ni nchi ya mbali, ilhali hesabu yao na yetu inakaribia kuwa moja.

Tazama sajili ya wapiga kura ya IEBC ya mwaka huu wa 2022. Kisii ina wapiga kura 637,010. Mombasa ina 641,913. Nyamira ina 323,283 na Kwale 328,253. Kwa maneno mengine, kwa mgombea urais anayehesabu kura, Kisii ni Mombasa nyingine na Nyamira ni Kwale nyingine. Ukizijumlisha kaunti hizo mbili za Gusii unapata kura 960,293. Nchi nzima ina wapiga kura 22,120,458, kwa hiyo mtu anaweza kusema hizo si nyingi. Akumbuke mwaka 2013. Uhuru Kenyatta alipata asilimia 50.07, na kura zilizomvusha nusu zilikuwa elfu nane na kitu. Hizo hata wadi mbili za Kisii zingeweza kuzitoa.

Kuna hesabu ya pili ambayo wanasiasa wanaijua sana na wananchi wengi hawaelezwi. Kifungu cha 138 cha Katiba kinasema mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Akikosa mojawapo, kuna duru ya pili ndani ya siku 30. Katika hesabu hii ya robo, kaunti haina ukubwa. Lamu yenye wapiga kura 81,453 inahesabiwa moja, na Kisii inahesabiwa moja. Ndiyo sababu mgombea anayejua fika kwamba Kisii atashindwa bado hupanda helikopta kwenda Gusii Stadium. Hatafuti ushindi pale, anatafuta robo yake. Na robo mbili za Kisii na Nyamira ziko karibu karibu, mafuta ya helikopta ni yale yale.

Sasa historia, maana bila hiyo huelewi kwa nini Wagusii hawapendi kuitwa ngome ya mtu.

Mwaka 2002 nchi nzima ilikuwa imegawanyika kati ya NARC ya Mwai Kibaki na KANU ya Uhuru Kenyatta. Gusii ikatoka kivyake. Ilimpigia Simeon Nyachae wa FORD-People, mtoto wao aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha na aliyejiuzulu serikali ya Moi mwaka 1999. Hakushinda urais, alikuwa wa tatu kwa mbali, lakini chama chake kiliingiza wabunge 14 bungeni, wengi wao kutoka Gusii. Miaka miwili baadaye Kibaki alimwita serikalini. Wazee niliokaa nao Keroka wanaisimulia habari hiyo kama somo la biashara: tuliweka kura zetu kapu moja, kapu likawa na uzito, tukabishiwa hodi. Nyachae alifariki Februari 2021, na tangu hapo kila mwanasiasa wa Gusii anajaribu viatu vyake. Mpaka sasa sijaona vilivyomtosha yeyote.

Mwaka 2013, CORD ya Raila Odinga ilichukua takriban thuluthi mbili ya kura za Kisii na za Nyamira. Jubilee ya Uhuru na Ruto ikaambulia zaidi kidogo ya robo. Mwaka 2017, Raila akiwa na NASA alishinda tena kaunti zote mbili, lakini Jubilee ilipanda ikavuka asilimia 40 kotekote. Hapo ndipo "lakini" ya kwanza ilipo. Kilichobadilika kati ya 2013 na 2017 ni kwamba serikali ilipeleka miradi ya barabara, na Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu katika Nyamira, alikuwa amepanda kutoka Wizara ya Habari na Mawasiliano hadi Elimu, kisha wiki chache kabla ya uchaguzi akashika Usalama wa Ndani. Wapiga kura waliona mtoto wao anasikika.

Mwaka huu ramani imepinduka juu chini. Uhuru yuko na Raila. Ruto yuko peke yake na wenziwe wapya, Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula, ambao mwaka 2017 walikuwa NASA. Kwa hiyo zile kura za Jubilee za 2017, zile zaidi ya asilimia 40, ni za nani? Hilo ndilo swali lote la Gusii. Azimio wanasema ni zao, kwa kuwa Rais na Matiang'i wako kwao. Kenya Kwanza wanasema ni zao, kwa kuwa waliozitafuta kijiji kwa kijiji mwaka 2017 walikuwa watu wa Ruto. Nilivyosikia mimi, wote wawili wana haki nusu.

Niliyoyasikia masokoni yanahusu pesa kuliko muungano wowote. Pakiti ya unga ya kilo mbili imevuka shilingi 200. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulivuka shilingi 6,000 kabla serikali kutangaza ruzuku mwezi wa Aprili, na mahindi yalikuwa yameshapandwa au yameshakosa kupandwa. Mashamba ya Gusii ni madogo mno. Utakuta familia inaishi kwenye nusu eka, na ndani ya hiyo nusu eka kuna nyumba, migomba, mistari michache ya chai, ng'ombe mmoja na kaburi la babu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na ardhi haijaongezeka tangu hapo. Mtu wa namna hiyo akiambiwa uchumi utajengwa kuanzia mashinani, anasikiliza. Akiambiwa atapewa shilingi 6,000 kila mwezi kama familia isiyojiweza, kama Azimio wanavyoahidi, anasikiliza pia. Halafu anauliza zitatoka wapi.

Mama mmoja muuza ndizi katika stendi ya Nyamira alinieleza hesabu yake vizuri kuliko wachambuzi wa televisheni. Kwake yeye Ruto ni sehemu ya serikali iliyopandisha unga, na Raila tangu handisheki ya Machi 2018 ni sehemu ya serikali hiyo hiyo. Basi anawapima kwa nani atakayekuwa na aibu kubwa zaidi akishindwa kushusha bei. Bado hajaamua. Mwanawe wa bodaboda ameamua zamani, ana kibandiko cha wilibaro kwenye pikipiki. Mumewe, mwalimu mstaafu, hasikii chochote isipokuwa Raila, kwa sababu alimpigia 2007, 2013 na 2017 na anasema hawezi kushuka garini mlango wa mji. Nyumba moja, kura tatu. Niliikuta hali hii mara nyingi hata nikaacha kushangaa.

Kugawanyika huku kunafuata umri zaidi ya eneo. Wazee na walimu wengi wanaegemea Azimio. Vijana wa bodaboda na wa vibanda wamegawanyika, na sehemu kubwa yao wanapenda maneno ya hasla. Wanawake wa makamo walinitajia Martha Karua bila kuulizwa, na tangu alipotangazwa mgombea mwenza tarehe 16 Mei wapo waliokuwa hawana habari na siasa sasa wana habari. Rigathi Gachagua, aliyetangazwa siku moja kabla, sikusikia akitajwa sana. Huko anajulikana kwa jina tu.

Tabaka, katika Mugirango Kusini, kunatoka vinyago vya mawe laini tunavyoviona vikiuzwa karibu na Fort Jesus na kando ya hoteli za Diani. Mchongaji niliyemkuta ananufaika au anaumia kwa hali ya utalii wa kwetu. Corona ilipofunga hoteli za Pwani, yeye alifunga karakana. Hakuniuliza Azimio wala Kenya Kwanza. Aliniuliza kama Wazungu wamerudi. Nikamwambia wanarudi polepole. Akasema basi yule atakayewarudisha upesi ana kura yake. Huyo naye ni mpiga kura, na sijui chama gani kimemwandikia ilani.

Sasa kuna jambo la vyeo, na hapa Pwani tunalielewa vyema. Raila alipomtangaza Karua alisema pia kwamba Hassan Joho atakuwa Waziri wa Ardhi. Wapwani wengi walifurahi, ardhi ndiyo donda letu. Kenya Kwanza nao katika mkataba wao wamemwandikia Mudavadi cheo cha Mkuu wa Mawaziri na Wetang'ula kiti cha Spika wa Bunge la Taifa. Mgusii anayasoma haya yote kisha anauliza: na sisi je? Wengi walitarajia Matiang'i angepewa nafasi ya mgombea mwenza, na alipokosa walinyamaza kidogo. Wanaomuunga mkono wanasema atabaki mtu mkubwa Raila akishinda. Wasiompenda wanasema mtu mkubwa asiye na karatasi ni mgeni tu. Nami hapo naona kosa la Azimio. Kama unataka kura karibu milioni moja, sema waziwazi unatoa nini. Kule kunyamaza kunamsaidia Ruto, ambaye hana Matiang'i lakini ana wabunge kama Sylvanus Osoro wa Mugirango Kusini wasiochoka kupiga kelele.

Na mkataba wenyewe wa muungano ni nini? Hili huulizwa sana hata hapa Kongowea. Kwa sheria ya vyama iliyofanyiwa marekebisho Januari mwaka huu, vyama vinaweza kuungana na kuwa chama cha muungano, chenye mgombea mmoja wa urais. Mkataba wake ulitakiwa ufike kwa Msajili wa Vyama miezi minne kabla ya uchaguzi. Azimio ndivyo ilivyo, na Raila anagombea kwa jina la Azimio. Ruto anagombea kwa UDA, na wenziwe wanamuunga mkono wakiwa na vyama vyao. Tofauti hiyo mpiga kura ataiona kwenye karatasi. Pwani tuliionja mapema pale Gavana Amason Kingi alipokitia chama chake cha PAA Azimio, kisha mwezi Mei akahamia Kenya Kwanza na mvutano ukaibuka kama kweli alikuwa ameshatoka. Kuingia ni kuimba. Kutoka kuna wakili.

Lakini vyama ndani ya muungano havikatazwi kupigana viti vya chini, na Gusii ndiko utakakoona jambo hilo likipita kiasi. Ugavana wa Kisii: Simba Arati, ambaye ni mbunge wa Dagoretti Kaskazini huko Nairobi, anagombea kwa ODM. Seneta Sam Ongeri aliyeingia kwa ODM 2017 sasa anautaka ugavana kwa DAP-K. Vyama vyote viwili ni Azimio. Upande wa Kenya Kwanza, Ezekiel Machogu, mbunge wa Nyaribari Masaba, ana UDA. Nyamira, Gavana Amos Nyaribo, aliyerithi kiti baada ya John Nyagarama kufariki Desemba 2020, anatetea kwa UPA. Hiyo nayo imo Azimio, na ina wapinzani wa Azimio pia.

Mgeni anaona vurugu. Mwenyeji anaona kawaida. Mwaka 2017 Machogu aliingia bungeni kwa NAPK, Osoro kwa KNC, na marehemu John Oyioka wa Bonchari kwa PDP. Vyama hivyo ungewauliza wakazi ni vya nani wangekuambia ni vya aliyekuwa na tikiti. Gusii chama ni matatu, unapanda inayoelekea kwenu. Ukoo ndio barabara: Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Mugirango, Bonchari. Mgombea akikosa kuzipanga koo hizo katika ugavana na unaibu, asijitaabishe na manifesto. Kwa hiyo mpiga kura wa Kisii akishika karatasi sita siku ya Jumanne tarehe 9 Agosti, anaweza kumpa Raila moja, UDA ya pili, na ya tatu mtoto wa jirani asiye na chama. Kampeni za kuomba kura za suti, yaani zote sita upande mmoja, huko zinachekwa.

Atakayetaka mfano wa hivi karibuni autazame uchaguzi mdogo wa Bonchari, Mei 2021, baada ya Oyioka kufariki. Pavel Oimeke wa ODM alimshinda Zebedeo Opore wa Jubilee kwa kura zisizofika elfu moja, na UDA ikaja ya tatu bila kuachwa mbali. ODM na Jubilee leo ziko kapu moja. Ukijumlisha kura zao utasema Azimio ina Bonchari mkononi. Lakini kura hazijumlishwi hivyo. Waliompigia Opore wapo waliofanya hivyo kwa sababu hawampendi Raila, na hao hawakuhama kwa kuwa vinara walikumbatiana Nairobi.

Hapo ndipo ninapowaonya wasomaji kuhusu kura za maoni. Kila wiki tunapewa asilimia za "Nyanza" na za "Pwani". Katika Nyanza hiyo wanawekwa pamoja Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori, Kisii na Nyamira. Kaunti nne za kwanza zina kura nyingi sana za Raila, zinafunika mgawanyiko wa hizi mbili. Kisha kuna suala la idadi. Utafiti wa watu 2,000 nchi nzima una kosa la takriban asilimia 2 kila upande. Ukichukua watu 200 tu wa eneo moja, kosa linapanda hadi karibu 7. Mgombea akiwa na 56 na mwenziwe 44, hujui kitu kwa uhakika. Na sisi hapa tusichekeane: Pwani pia ni Lamu, Tana River na Taita Taveta zikichanganywa na Mombasa, kisha tunaambiwa tumesema neno moja.

Nimeacha mwisho jambo ambalo wenyeji walilizungumza kwa sauti ya chini. Fungua ramani. Magharibi na kusini mwa Gusii ni Homa Bay na Migori, nyumbani kwa wafuasi wa Raila. Mashariki ni Kericho na Bomet, nyumbani kwa wafuasi wa Ruto. Kusini mashariki ni Narok. Mgusii ameketi kati ya kambi mbili. Duka lake liko Sotik, shamba alilokodi liko Transmara, mtoto anasoma Kisumu, mjomba anauza nguo Rongo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka, nyumba zikachomwa, na Wagusii wengi walifukuzwa Bonde la Ufa wakarudi kwenye nusu eka za baba zao. Mzee wa Borabu niliyeamkuana naye "bwakire" tukakaa chini ya mti hakutaka kuniambia atampigia nani. Alisema jirani zake ng'ambo ya pili wanasikia. Wagusii wa Likoni wa umri wangu wanalielewa hilo bila tafsiri, kwa sababu walikuwa hapa Agosti 1997.

Kwa hiyo kuna kura za Gusii ambazo hakuna mtafiti wa simu atakayezipata. Mtu anasema Azimio akiwa Suneka na anasema Kenya Kwanza akiwa Chebilat, na ndani ya debe atafanya analotaka. Wabunge wao wenyewe hawajasaidia kutuliza mambo. Februari 2021 Arati na Osoro walirushiana makonde jukwaani kwenye mazishi, mbele ya Raila na Ruto, na nchi nzima ikatazama. Viongozi wa makanisa, hasa Waadventista ambao ni wengi kule, wamekuwa wakiombea amani kila Sabato, na katika hizo Sabato mbili nilizohudhuria wanasiasa walikaa viti vya mbele wakisema amina.

Makisio yangu, kwa kuwa najua mtaniuliza: Raila ataongoza Kisii na Nyamira, na Ruto atavuka robo katika zote mbili bila shida. Nyamira pengo litakuwa dogo kuliko Kisii. Ugavana wa Kisii naona ni wa Arati, koo zikikaa zilivyokaa sasa. Wa Nyamira sithubutu.

Usiku wa kuhesabu, msikae tu kusubiri jumla ya kaunti. Fomu 34A za kila kituo zinatakiwa kuwekwa wazi mtandaoni, na kila mtu anaweza kuzifungua. Mimi nitaanza na vituo vya Borabu vilivyo kando ya mpaka wa Sotik, kisha Bonchari, kisha ndipo nirudi Changamwe na Jomvu kuona Wagusii wa kwetu wameamuaje.